Evodia wa Kibakwe na Mstari wa Marehemu

Alizaliwa Evodia Chilongani mwaka 1958 katika vilima vya Kibakwe, wilayani Mpwapwa, mtoto wa tano wa wakulima wa maharage. Alipotimiza miaka thelathini alipewa ukatekista wa kigango, na daftari la ubatizo likawa mikononi mwake.

Mwaka 2002 jirani yake Yotham alijaliwa binti, baada ya kumzika mwingine wa miaka minne. Kwa desturi, mtoto huyo alirithi jina la marehemu dada yake, Jenifa. Evodia aliwahurumia wafiwa. Hakufuta mstari wa marehemu, wala hakuandika mpya. Mdogo alipobatizwa, alimhesabu kwenye mstari uleule, wenye tarehe ya kuzaliwa ya dada yake, kana kwamba aliyekufa amerudi.

Mwaka 2016 Yotham alipokea mahari ya ng'ombe kumi na wawili, akamtoa Jenifa shuleni. Mwalimu akapiga simu ya watoto, 116, na kamati ya kata ya ulinzi wa mtoto ikaketi na afisa ustawi wa jamii. Yotham akatoa cheti cha ubatizo: miaka kumi na minane. Akamgeukia Evodia, aliyekuwa ameitwa kikaoni.

“Mama Katekista, si mwandiko wako huu? Au wafadhili wa haki za watoto wamekufundisha kuusahau?” Watu wakacheka.

Evodia alijua kwamba akinyamaza, binti ataozwa. Akisema, ukatekista wake umekwisha. Akasimama.

“Mwandiko ni wangu, baba Jenifa, na kosa ni langu. Aliyeandikwa hapa tulimzika mimi na wewe. Huyu ana miaka kumi na minne. Niadhibuni mimi, yeye arudi darasani.”

Kamati ikaamuru Jenifa arudi shuleni. Ng'ombe walirudishwa siku ya tatu. Wachungaji wa ng'ombe hao husimulia kwamba walivuka korongo lililofurika bila hata ndama mmoja kuzolewa. Padri Optatus wa parokia alimvua Evodia ukatekista, naye akatii, akakaa benchi la nyuma kanisani.

Hakukaa bure. Alipita nyumba kwa nyumba akisahihisha umri wa watoto, hadi akaitwa Mtumba, mji wa Serikali huko Dodoma, kuzungumza na maofisa wa Serikali na wageni wa mashirika ya kimataifa walioleta simu za kusajilia vizazi. Akawaambia: “Msiulize tu mtoto anaitwa nani. Ulizeni kama jina hilo lilikuwa na mwenyewe kabla yake.” Swali hilo wasajili wa vijiji vyetu huliuliza mpaka leo.

Alilala katika Bwana tarehe 9 Agosti 2023, Kikuyu, Dodoma, nyumbani kwa mpwa wake Miriam. Jeneza lilibebwa hadi Kibakwe, na Yotham alikuwa miongoni mwa wabebaji. Nasi tumwige: kosa letu likimgusa mtoto, tulitamke wenyewe mbele ya watu, hata kama litatuondoa kitini.