Sungura Kwenye Kivuli cha Gari Letu

Mama mkwe alipokuja kututembelea ughaibuni, mjini Grand Prairie, mume wangu alikuwa amehamishiwa mji wa mbali, El Paso, kikazi kwa muda. Nikabaki naye mimi, nesi wa zamu. Kila siku tuliulizana habari za usingizi na chakula, basi, maneno yakaisha. Mwishowe nikaomba likizo, nikampakia garini twende kumwona mwanawe.

Tulipoupita mji wa Midland, miti ikatoweka. Likabaki jangwa: mchanga, mawe, na vichaka vya miba hapa na pale. Mama, mzaliwa wa Singida, akashusha kioo.

"Kumbe na huku kuna nchi kame kama kwetu!" akasema, uso umechangamka.

Tulisimama kando ya barabara, kwenye kibanda cha kupumzikia wasafiri, tukala chapati. Tuliporudi garini tukamkuta sungura amejilaza kwenye kivuli cha gari, karibu na gurudumu la nyuma. Alikuwa mwembamba, miguu mirefu, na masikio, jamani, yale masikio! Ncha zake zilitokeza juani, mishipa ikaonekana kama ya jani.

"Huyu sungura au mtoto wa punda?" Mama akaninong'oneza.

"Sungura, Mama. Hayo masikio ndiyo yanayompunguzia joto."

Nikatoa funguo. Akanishika mkono.

"Unataka kufanya nini?"

"Si tunaondoka?"

"Tumtoe kivulini na jua hili? Yeye ndiye mwenyeji hapa. Tusubiri."

Tukarudi kwenye benchi la kibandani. Hapo Mama akanisimulia alivyokuwa akichunga mbuzi utotoni. Siku moja sungura alichomoka kichakani miguuni pake, naye, bila kutazama vizuri, akakimbia nyumbani akipiga kelele kwamba ni chui. Wanaume wakatoka na mikuki. Walirudi jioni, hoi, na mbuzi tu.

"Ukawaambia ukweli?"

"Thubutu! Mpaka leo, kijijini ni chui."

Nilicheka hadi nikamwegemea begani, jambo ambalo asubuhi ile nisingelithubutu. Naye akacheka, akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake.

Kivuli kiliposogea, sungura akainuka, akajinyoosha, akaruka mara tatu na kupotelea vichakani.

El Paso tulifika tumechelewa, wali umeshapoa. Mume wangu akauliza kulikoni. Tukaanza kumjibu sote wawili kwa pamoja, tukikatizana maneno, naye akabaki kututazama, mwiko mkononi.