Raunda ya Jioni ya Sabato

Enzi zetu mtu hakuikana timu yake kwa sababu imeanza msimu vibaya. Siku hizi naketi dukani kwangu Suneka nikipima sukari, na vijana wamejazana kibarazani wakirushiana maneno kuhusu timu za Ulaya ambazo hata njia ya kufika kwao hawaijui. Msimu una majuma matatu tu, nao wameshamfukuza kocha, wameshamuuza mshambuliaji, na kipa, wanasema, hana nidhamu kwa sababu amepaka nywele rangi. Juzi mmoja wao, ambaye hajawahi kukimbia ila akifuata chapati, alimwita mchezaji fulani mvivu wa kutupwa. Nikamwambia asogee, ananizibia wateja. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya zamani kuliko yeye.

Maana nami niliwahi kuwa mchezaji. Wavulana walikuwa na kandanda yao. Sisi wasichana tulikuwa na raunda, na usidhani ulikuwa mchezo wa kubembelezana. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, kule kwetu vilimani upande wa Nyamira. Tulichora vituo vinne kwa majivu ya jikoni. Mrushaji alisimama katikati, mpigaji akamkabili na gongo mkononi. Ukiupiga mpira, unakimbia kuvizunguka vituo vyote kabla haujarudishwa. Ukifika, umefunga raunda; ukikwama, unasimama kituoni kungoja mpigaji anayefuata akusukume mbele. Mpira wetu wa tenisi ulikuwa umeshanyonyoka manyoya yote. Gongo lilichongwa kwa mti wa mkaratusi na lilitutoa malengelenge mpaka viganja vikakomaa. Tulicheza pekupeku juu ya nyasi zilizolowa, marinda tumeyapandisha na kuyafunga kiunoni kwa kamba ya mgomba, na matope yalikuwa yakitoka katikati ya vidole vya miguu kama ugali wa wimbi. Wakati wa kupumzika tulikula viazi vitamu vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye jani la mgomba, tukateremshia maziwa lala ya kibuyu. Watoto wa leo ukiwapa chakula hicho wanauliza kama kuna sosi.

Mpigaji wetu mkuu alikuwa Nyaboke, jirani yangu na rafiki yangu wa kuteka naye maji. Alikuwa mwembamba, mrefu, ana mwanya, na alipiga mpira ukapotea kwenye mashamba ya chai ya watu. Lakini alikuwa na vituko. Akingoja zamu yake, alitafuna muwa. Akimaliza kuzunguka, alimtolea mrushaji ulimi. Mwamuzi akikosea, alimwambia kwamba amekosea.

Na mashabiki? Hao walikuwa kwenye kituo cha majani chai, wakingoja lori. Kuanzia saa nane vikapu vilikaa foleni, na wenyewe wakakaa juu ya mawe kuichambua raunda yetu. Nimesema hatukuikana timu ikianza vibaya. Afadhali niseme kweli: mwaka ule tulipoteza michezo miwili ya kwanza, na kituo kizima kikaikana timu. Aliyeongoza kikao alikuwa Mzee Ombati, mzee wa kanisa letu la Sabato, mtu wa koti jeusi na sauti iliyozoea kusikilizwa.

"Timu hii imeoza," alisema. "Na kinachoiozesha ni yule msichana. Mtoto wa kike anatoa ulimi mbele ya watu? Atolewe."

"Akitolewa, nani atapiga?" mama yangu akauliza kutoka kwenye foleni.

"Heri tushindwe tukiwa na adabu zetu, omong'ina," Mzee akamjibu, kwa jina la heshima la mama mtu mzima.

Wote wakaitikia kwamba hayo ndiyo maneno. Kisha tukashinda mchezo wa tatu, na wa nne, Nyaboke akitafuna muwa vilevile na ulimi nje vilevile, na kituo kikagundua kwamba mtoto yule ana roho ya kupigana. Mzee Ombati mwenyewe alimletea muwa. Mama alitikisa kichwa, akasema nyani haoni kundule.

Ukabaki mchezo mmoja, dhidi ya watu wa ng'ambo ya mto. Mshindi angechaguliwa kwenda Kisii mjini kucheza mbele ya wakubwa, na sisi wengi tulikuwa hatujawahi kuuona mji huo. Mchezo ulipangwa Ijumaa, ikanyesha mvua ya mawe. Wa ng'ambo, ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki, wakasema basi kesho, Jumamosi jioni. Kwao Jumamosi ilikuwa siku ya kawaida. Kwetu ilikuwa Sabato, na Sabato haimaliziki mpaka jua litue. Mwalimu wetu akatafuta njia: waanze wasichana ambao si Wasabato, sisi wengine tuingie jua likishatua. Kwa Nyaboke jambo hilo halikuwa dogo. Alikuwa katika darasa la ubatizo, na ubatizo ulikuwa umekaribia. Alikuwa ameshashonewa gauni jeupe.

Jumamosi hiyo, ibada ya alasiri ilipokwisha, waumini wote wakasema wanakwenda kunyoosha miguu. Miguu yote ikajinyoosha kuelekea uwanjani. Walisimama nyuma ya ua wa michongoma, Biblia kwapani, kwa sababu kutazama kupitia ua, walisema, si kutazama hasa. Mimi na Nyaboke tulikaa kwenye nyasi na nguo zetu za kanisani, mikono kwenye magoti. Timu yetu ilikuwa nyuma kwa raunda moja, na mawingu mazito yalikuwa yamefunika anga yote. Kulikuwa na giza. Lakini lilikuwa giza la mvua au la usiku?

Hapo ndipo mjadala ulipoanza nyuma ya ua. Hakuna aliyekuwa na saa iliyokuwa ikitembea. Mmoja alisema jua lilishatua kitambo. Mwingine akasema bado, ng'ombe hawajarudi. Timu yetu ilikuwa imebakiwa na zamu moja tu ya kupiga. Mzee Ombati akageuka kutazama nyumba ya mwalimu, na kuku wa mwalimu walikuwa wakiingia kitunduni mmoja mmoja.

"Kuku hawadanganyi," akasema. "Sabato imeisha. Nyaboke, chukua gongo."

Nyaboke hakuinuka mara moja. Aliuliza, kwa jina la heshima la wazee wetu, "Kweli, mogaka?"

"Mimi ndiye nimesema."

Basi akainuka. Hakutafuna muwa. Alifunga rinda lake la kanisani, akashika gongo, na mpira wa kwanza tu aliupiga ukaruka ua, ukapita vichwa vya waumini, ukaangukia huko kwenye shamba la pareto. Akaanza kukimbia, na mwenzake aliyekuwa amekwama kituo cha pili akatangulia mbele yake, akafunga raunda ya kusawazisha. Nilikuwa nimesimama napiga kelele bila kujua. Alipokuwa anavuka kituo cha tatu, mawingu yakapasuka upande wa magharibi na jua likatoka. Lilikuwa bado juu ya kilima, kubwa, la manjano, likammulika yeye na uwanja mzima. Kelele zikakatika. Alikimbia kituo cha mwisho peke yake, na tulikuwa tumeshinda. Nilipogeuka, nyuma ya ua hapakuwa na mtu.

Sabato iliyofuata jina lake likasomwa. Alisimama mbele, mikono nyuma, akashtakiwa kwamba amecheza mchezo siku ya Bwana mbele ya kadamnasi. Hiyo kadamnasi ndiyo iliyokuwa imeketi pale ikimhukumu. Mzee Ombati alikuwa kwenye kiti cha mbele. Alipopewa nafasi ya kusema, alisema kwamba tatizo la msichana huyu ni tabia, na kwamba yeye aliliona mapema, tangu mwanzo wa msimu.

Mama yangu akainuka. "Na aliyesema kuku wamelala ni nani?"

Akaambiwa akae, hapa si kituo cha chai. Alikaa. Nilikuwa kando yake, nami nilitaka kulia kwa hasira. Walipiga kura kwa kuinua mikono, na mikono iliyoinuka ni ileile iliyokuwa nyuma ya ua. Nyaboke akatolewa darasa la ubatizo. Jumatatu mwalimu mkuu, kwa kuogopa wazazi, akamtoa kwenye timu. Tulikwenda Kisii bila yeye, tukashindwa vibaya, na kituoni wakasema walijua kwamba msimu huu ungekuwa mbaya.

Muda wote huo Nyaboke hakulitaja jina la aliyemwambia achukue gongo. Miaka mingi baadaye, sote tukiwa na wajukuu, nilimuuliza kwa nini. Tulikuwa tukichambua mboga za chinsaga jikoni kwake. Akasema, "Nimtaje mogaka mbele ya kanisa? Mtoto wa kike? Ningeonekana mwongo, tena ningemtia baba yangu aibu." Akaendelea kuchambua. Hakushika gongo tena maishani mwake. Gauni jeupe alipewa mdogo wake.

Wenzangu wa rika langu wakikutana kwenye mazishi na harusi hupenda kusema kwamba watoto wa zamani walikuwa na heshima, hawakujibizana na wakubwa. Ni kweli, tulikuwa nayo, na wakubwa waliitumia walivyotaka. Nayakumbuka matope yale na viazi vile, na laiti ningeweza kumwona Nyaboke akikimbia tena hata mara moja, ningefunga duka. Lakini mashabiki wale sitaki kuwaona tena. Watoto wa leo wana midomo mirefu, hawajui kazi, na kelele zao zinanichosha. Hata hivyo, mmoja wao akiambiwa na mkubwa achukue gongo, kisha mkubwa huyo huyo akamgeuka, atamtaja kwa jina lake na la baba yake, mbele ya kanisa zima. Nami nitasimama na magoti yangu haya mabovu niseme amina.