Shabu ya Bibi na Ubatizo wa Mama Mkwe

Ukisikia Waswahili wa Johannesburg wakicheka pembeni baada ya ibada, na mmoja akiuliza ni nani yule aliyempaka mchungaji chokaa mbele ya waumini, usijisumbue kutafuta, ni mimi, na naomba niisimulie mwenyewe kabla hujaisikia kwa watu wasionipenda (wanaonipenda ndio walioisambaza zaidi, lakini hayo tuyaache).

Tunapanga nyumba ya zamani huku Observatory, kilimani, na nyumba ilikuja na bwawa la kuogelea. Mimi, Mluhya wa Kakamega niliyejifunza kuogelea mtoni nikiwa nimekumbatia gogo la mgomba, leo nina bwawa! Picha mliziona, maana nilizituma kwenye kila kundi la simu nililomo, hata lile la mazishi ya kijijini. Kwa hiyo kanisa letu dogo, linaloabudu kwenye ukumbi wa shule, lilipotafuta mahali pa kubatizia watu watatu, nani aliinua mkono kabla mchungaji hajamaliza kusema?

Sasa, mmoja wa hao watatu alikuwa mama mkwe wangu, aliyetoka Kalemie, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, kututembelea kwa mwezi mmoja. Mke wangu Furaha amemwombea mama yake abatizwe kwa miaka kumi na mmoja. Imani Mama anayo, tena kutuzidi sote, lakini maji anayaogopa, kwa sababu alipokuwa msichana ziwa lilimchukua dada yake naye akitazama, na tangu siku hiyo hajaingia kwenye maji yanayopita goti. Safari hii alikubali, kwa sharti moja tu. Akasema, "Miye nitaingia, lakini mu mayi yenye naona miguu yangu." Furaha alikwenda jikoni akalia kwa furaha, akarudi akaniambia, "Baba Neema, kazi yako ni maji tu. Mengine yote niachie mimi."

Maji tu. Ni kazi ngumu hiyo?

Jumatano mvua ya mawe ikapiga, kama inavyopiga Novemba, ikashusha maua ya jakaranda na udongo wote wa kilima, na kufikia Alhamisi bwawa lina rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Nikaenda dukani kwa wauzaji wa dawa za mabwawa. Mzee wa pale akanipa chupa na kunieleza polepole, kama mtu aliyeshaonana na watu wa aina yangu: mwaga dawa, zima pampu, usiku kucha uchafu utashuka chini, halafu asubuhi unyonye ule uchafu kwa bomba na kuutupa nje pamoja na maji yake, kisha ujaze maji mapya. "Eish, ndugu yangu," akasema, "usipounyonya, usiingize humo hata bata."

Nikafika nyumbani nikasoma chupa, na hapo ndipo akili yangu kubwa ilipoamka. Hii dawa si ni shabu tu! Bibi yangu aliweka shabu kwenye mtungi wa maji ya mto kila siku ya maisha yake, uchafu ukashuka, tukachota maji ya juu, tukanywa, tukakua. Sikumbuki hata siku moja Bibi akiingiza bomba mtungini. Na huku kwetu mabomba hukauka siku tatu kwa wiki, halafu mtu ananiambia nitupe maji nje? Nikaamua kwamba sehemu ya kunyonya ni maneno ya wafanyabiashara. (Kwenye mtungi wa Bibi hakuna mchungaji wa kilo mia na ishirini aliyewahi kutembea, lakini hilo sikulifikiria.)

Ijumaa jioni nikamwaga. Jumamosi asubuhi nikatoka na kikombe cha chai nikakuta maji yameng'aa mpaka unaona kila kigae, na huko chini kuna tandiko jembamba jeupe, limetulia, halimsumbui mtu. Nilijisikia fundi. Nilipiga picha, naam, nikaituma.

Mama akanikuta mlangoni. Kwetu mtu hamsogelei mama mkwe, kwa hiyo tunaongeaga yeye akiwa sebuleni nami kizingitini, nikitazama pembeni kwa heshima. Akauliza, "Mukwe, mayi ni safi?"

Lile tandiko nilikuwa nimeliona. Nikamjibu, "Safi kabisa, Mama. Utahesabu hata vidole."

Saa nne watu arobaini wameshajaa uani, nyimbo zimepanda, Mama amekaa kwenye kiti chake akiwa na kanzu nyeupe na kitambaa kichwani, mkono wake ndani ya mkono wa Furaha. Mchungaji akashuka ngazi za bwawa, mwili wake wote ule, akahubiri huku akitembea kwenda na kurudi (Mungu amsamehe, ni mtu wa kutembea), na kutoka kwenye nyayo zake ukaanza kupanda moshi mweupe. Yeye anatazama juu mbinguni. Mimi natazama chini.

Wa kwanza alikuwa dada mmoja msusi wa Hillbrow, ambaye kwa siku hiyo alisuka nywele siku mbili nzima. Aliingia mweusi, akatoka na mabonge meupe katika kila msuko. Watu wakasema haleluya, ila kwa sauti ya kuuliza. Wa pili alikuwa kaka mlinzi, mrefu, na alipoibuka hatukujua amefumbua macho au la. Kufikia hapo bwawa lilikuwa uji.

Ikawa zamu ya Mama. Akasimama, akasogea mpaka ukingoni, akachungulia. Wimbo ukapungua.

"Pasta," akasema, "miguu yako iko wapi?"

Mchungaji akatazama chini. Kutoka kiunoni kwenda chini hakuwa na kitu. Mama akarudi hatua moja, na Furaha akanigeukia na macho ambayo sijawahi kuyaona tangu tuoane.

Mtu mwenye akili angeomba radhi pale pale. Mimi nikapaza sauti, "Ni mwanga wa jua tu, Mama, nipeni dakika tano!" nikakimbilia kwenye pampu nikaiwasha. Pampu ikasukuma, tandiko lote lililobaki likapanda, na yule mdudu wa plastiki wa kusafishia bwawa, anayetambaa akinyonya sakafu, ambaye nilisahau kumtoa, akaamka, akatambaa moja kwa moja hadi kwenye kanzu ya mchungaji, akaikamata pindo na kuanza kuinyonya.

"Ndugu, zima! Zima!" Mchungaji anavuta, mdudu anavuta, kanzu inashuka, akina mama wanafunika macho ya watoto na kuacha yao wazi. Mimi, mtaalamu wa kompyuta katika benki ya Sandton, nabonyeza kila kitufe kilichopo isipokuwa kinachozima. Furaha akanipita akachomoa waya ukutani. Na binti yetu Neema, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza tangu azaliwe, siku hiyo Kiswahili kikamjia chote: "Baba, umefanya nini?"

Mama hakubatizwa. Aliingia ndani akavua ile kanzu, akaikunja vizuri, na Jumanne tukampeleka uwanja wa ndege. Tulipofika akaniita, nikasimama mbali kidogo kama desturi, nikamwambia, "Mama, nisamehe. Yale maji yalinidanganya."

Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mukwe, miye mayi siyaamini hata siku moja. Nilikuwa naamini weye. Ungeniambia hayako tayari, ningengoja." Akaingia ndani na begi lake.

Nilinyonya uchafu wiki ile ile, nikatupa maji nje, nikangoja siku nne bomba lirudi, nikajaza. Sasa bwawa ni safi kweli kweli na hakuna anayeliingia, na picha situmi tena. Nimeapa kwamba mtu akiniuliza kitu na jibu ni hapana, nitasema hapana, hata kama amekwisha vaa kanzu na watu wanaimba. Furaha anaendelea kumwombea mama yake. Nami huongeza amina, kwa sauti ya chini, maana mwaka wa kumi na mbili huu nimeuongeza mimi.