Semina ya Lifti

Miaka ile ya wakimbizi, ungetembea kutoka Nyamahanga hadi Bisibo, huku Ngara, usione ghorofa hata moja. Kwa hiyo waheshimiwa waliotupangia sisi wahandisi mafunzo ya lazima waliona hitaji letu kubwa ni lifti. Asiyehudhuria mpaka mwisho, leseni yake haihuishwi, na asiye na leseni hasaini kazi yoyote.

Mimi nilikuwa na daraja dogo, tumemwaga zege siku mbili kabla ya semina, kwenye kijito kilichokata njia ya Ngara kati ya kambi ya wakimbizi na kituo cha afya. Zege lilikuwa bado bichi, limeshikiliwa na nguzo za miti. Wajawazito wa kambini na wa vijijini walikuwa wakivushwa majini kwa ingobyi, ile machela ya kubebwa mabegani. Daraja hilo halikuwa pambo.

Siku ya pili ya semina, mjini Biharamulo, mvua ilipiga bati hadi mwezeshaji akawa anatupigia kelele kuhusu nyaya za lifti. Nikaomba ruhusa nikaokoe nguzo zangu. Akanijibu kwa upole kwamba kazi haihesabiki kuwa mafunzo. Nikaondoka. Mimi na mafundi wangu, Wahangaza wenyeji na Warundi wa kambini, tulishinda ndani ya maji hadi kiunoni tukifunga nguzo kwa kamba, na daraja likabaki. Kilichokwenda na maji ni leseni yangu.

Zege likakomaa. Ofisi ikaweka kizuizi: daraja lisifunguliwe mpaka mhandisi mwenye leseni hai alitie saini. Wenye leseni hai walikuwa na shughuli nyingi. Wiki zikapita, wanawake wakaendelea kuvushwa majini kando ya daraja zima. Nilifura kwa hasira.

Asubuhi moja akaletwa binti wa Kirundi, uchungu umemshika, na kijito kimefurika. Nikamwamkia mama yake shikamoo. Alilitazama daraja, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, hili daraja ni la nani?"

Niliondoa kizuizi kwa mikono yangu. Gari la kituo likavuka kumfuata, na mtoto akazaliwa kitandani, mahali panapostahili.

Kwa kosa hilo zito niliamriwa kuhudhuria semina ya maadili ya taaluma, mjini Ngara. Mwezeshaji alikuwa yuleyule wa lifti. Alianza kwa kushukuru kwamba safari hii hakuchelewa, maana njia ya Ngara ina daraja jipya, zuri sana. Lilikuwa bado halijasainiwa.