Kamba Mbili za Mwani

Wanawake wa kikundi chetu cha mwani Jambiani walinikabidhi mimi, mwalimu wa hesabu, kamba mbili mpya za kufungia mwani, moja ya mita 84 na nyingine ya mita 60. Walitaka vipande sawa, virefu kadiri iwezekanavyo, bila kubakia hata shubiri. Kamba iliyokatwa vibaya haiungiki.

Hesabu yenyewe si ngumu. Nilichuchumaa, nikagawanya mchangani kwa namba tasa mpaka mwisho: 84 ni 2 × 2 × 3 × 7, na 60 ni 2 × 2 × 3 × 5. Hapo unachukua zilizopo pande zote mbili, unazizidisha. Kwa woga nikachukua 2 moja na 3, nikapata sita. Nikashika kisu.

“Mwalimu, maji yashatoka, pwani kukavu, wewe bado wasoma dua?” shangazi yangu, mmoja wa wanakikundi, alinitania. Wakacheka.

Nikatazama tena mchangani: 2 ya pili ilikuwepo pande zote, nami nimeiacha! Mbili mara mbili mara tatu ni kumi na mbili. Nilikuwa karibu kuvikata vipande vyote nusu.

Nikapima mita kumi na mbili, nikarudia kupima, ndipo nikakata. Kipande cha mwisho nilikipima nimebana pumzi. Kilitimia. Wenzangu wakajitwisha kamba wakateremkia pwani, mimi nikafuta hesabu mchangani, nikawafuata.