Macho Mekundu ya Bibi Nkwimba

Namshukuru Mungu aliyenifikisha uzee huu nikiwa bado naona. Jumapili iliyopita, hapa Runzewe, niliona waumini wakihama benchi alilokalia bikizee mwenye macho mekundu, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni.

Mama alinishika mkono tukaenda kwa Bibi Nkwimba, ambaye kijiji kizima kilimwita mchawi kwa sababu ya macho yake mekundu. Njiani jirani mmoja akapaza sauti, "Mama Kabula, mtoto huyo umemchoka?"

"Tunakwenda kula. Yesu hakuchagua wa kula naye. Twende wote!" mama akamjibu.

Jirani akakimbilia ndani.

Nyumba ya bibi ilijaa moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, maana kuni zilikuwa adimu. Nilimwamkia nimefumba macho.

"Marahaba, mjukuu wangu," akacheka. "Nipo upande huu."

Akatupatia matobolwa, viazi vyake vikavu vya kuchemsha. Mama akala. Mimi nilivificha kiganjani, nikasikiliza pumzi za mama, nikingoja afe.

Moto ukafifia, mama akainama kuupuliza. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa mekundu kama ya bibi.

Leo najua ulikuwa moshi tu. Siku ile nilimng'ang'ania shingoni nikilia, "Usitoke nje, mama! Watakuita mchawi, watakuua!"

Bibi Nkwimba akanipapasa mgongo. "Nami naogopa hivyo hivyo, mjukuu wangu. Kila siku."

Nikala viazi vyake.

Msomaji, Bwana akujalie kumpenda yule unayemwogopa, akulinde wewe na nyumba yako.