Robo ya Debe

Mama alipolazwa hospitali mjini, mdogo wangu wa mwaka na nusu aligoma kula. Alizoea uji wa mama tu, wa mahindi na ulezi, na unga ule ulikuwa umeisha. Siku ya tatu mbavu zikaanza kuonekana, nami nikaogopa kweli.

Shangazi, aliyekuja kutuangalia hapa Kasense, alikwenda kumwuliza mama kipimo. Akarudi nacho: "Debe moja. Mahindi yazidi ulezi kwa robo debe." Tukatia robo debe ya ulezi, tukajaza mahindi juu, nikabeba kichwani hadi Chanji, ambako mashine za kusaga za watu binafsi zilikuwa zinaota kila kona, enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Uji ukatoka mweupe pe! Mtoto akautema.

"Kesho huendi shule, utabaki na mtoto," shangazi akasema. "Hizo hesabu zako zitamlisha nani?"

Nilikasirika. Asubuhi nikatoroka.

Darasani mwalimu alikuwa kwenye aljebra, ambayo sikupenda hata kuisikia. Akasema ukijua jumla ya vitu viwili ni mara ngapi ya tofauti yao, uwiano umeshaupata: jumla ongeza tofauti, unapata kikubwa mara mbili, jumla toa tofauti, unapata kidogo mara mbili. Akauliza kama tumeelewa. Mimi nilikuwa nimeduwaa. Jumla, debe. Tofauti, robo debe. Nne kwa moja! Nne ongeza moja, tano. Nne toa moja, tatu. Mahindi sehemu tano, ulezi sehemu tatu. Jamani, sisi tulitia tatu kwa moja!

Nilikimbia njia nzima hadi nyumbani, upepo wa baridi usoni. Uwiano haujali debe wala kikombe, kwa hiyo nikapima vikombe vitano na vitatu, nikasaga kwenye jiwe la bibi. Shangazi alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akinisema kwa kutoroka. Nikamwacha aseme.

Uji ukatoka wa kahawia. Mtoto akaonja, akatulia, akashika kikombe kwa mikono miwili. Alipomaliza akanisukumia kikombe: "Ingine." Nikalia kama mjinga.

Shangazi akamimina cha pili mwenyewe. Akamshikia mtoto kikombe mpaka alipokimaliza.

"Kesho wahi shule," akasema. "Huyu nitabaki naye mimi."